Matone Yanayojipanga: Yanayotokea Ndani ya Utando wa Fuwele Kiowevu

Simu ikianguka kwenye ngazi za mawe na kioo chake kikapasuka, mara nyingi hubaki na doa jeusi pembeni, na kesho yake doa hilo huwa limekua. Hapa Lamu, kwenye baraza za Mkomani na Langoni, nimelisikia likiitwa "wino", na nimewasikia wazazi wakiwaonya watoto wasiliguse kwa kuwa wino umevuja na ni sumu. Sasa mazungumzo hayo yameongezewa jambo jingine la kuyatatiza, nalo ni video fupi zinazopitishwa kutoka simu hadi simu, zikionyesha matone madogo yaliyo ndani ya kiowevu yakisogeleana polepole, kisha yakijipanga mstari mmoja ulionyooka kama shanga zilizotungwa uzini. Wenye kuzipitisha husema kwamba kiowevu hicho ni cha jamii ile ile iliyomo ndani ya kioo cha simu, na hapo watu huuliza maswali mawili: je, matone hayo yana uhai, na yana uhusiano gani na ule wino? Nitayajibu yote mawili, lakini la pili kwanza, kwa sababu ndilo jepesi.

Tuanze na majina. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, kama ilivyo katika punje ya chumvi au ya sukari. Kiowevu ni kitu kinachotiririka na kuchukua umbo la chombo chake, kama maji na mafuta. Kwa kawaida kitu kikiyeyuka huupoteza utaratibu wake wote kwa mara moja. Ipo hata hivyo aina ya vitu ambavyo, vikiyeyuka, hupoteza nusu tu ya utaratibu huo: molekuli zake hazikai tena mahali maalumu, zinapita na kupishana kama za maji, lakini zinaendelea kuelekea upande mmoja. Hali hiyo ya katikati ndiyo fuwele kiowevu.

Mtu wa Lamu hahitaji maabara ili auone mfano wake. Fikiria boriti za mikoko zilizoachwa zielee mahali palipotulia, ndani ya uzio wa kamba. Zikiwa chache, kila boriti hulala ipendavyo. Zikiongezwa mpaka zikasongamana, hazina budi kulala sambamba, maana hakuna tena nafasi ya moja kukingama. Bado unaweza kuisukuma moja ikapita baina ya nyingine, kwa hiyo mkusanyiko huo unatiririka, lakini ukitazama kwa juu utaona mwelekeo mmoja umeshika kila mahali. Molekuli za fuwele kiowevu ni ndefu na nyembamba mfano wa boriti hizo, ila urefu wake ni nanomita mbili au tatu tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Tofauti moja ni muhimu: boriti ina shina na ncha, lakini katika fuwele kiowevu za kawaida molekuli iliyogeuzwa kichwa chini huhesabiwa kuwa imeelekea upande ule ule.

Jambo hili lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1888, pale Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, alipopasha moto kitu alichokitengeneza kutokana na kolesteroli ya karoti. Kiliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi kikawa kiowevu chenye ukungu, na ukungu huo haukuondoka mpaka nyuzi 178.5. Kitu kimoja kilikuwa kama kinayeyuka mara mbili. Alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, ambaye alikuwa na hadubini yenye kipashio, na Lehmann akatambua kwamba ule ukungu ulikuwa na sifa za fuwele ingawa ulikuwa ukitiririka. Wengi waliwapinga, wakidai kwamba hicho kilikuwa mchanganyiko tu wa punje ndogo na kiowevu, na dhana hiyo ingali hai hadi leo kwa wanaodhani fuwele kiowevu ni kama shira, yaani sukari iliyokorogwa ndani ya maji. Sivyo. Inaweza kuwa kitu kimoja safi kisichochanganywa na chochote, na ukungu wake hutoka kwenye mwanga unaotawanywa na mwelekeo wa molekuli unaotikisika daima.

Sasa wino. Ndani ya kioo cha simu nyingi za bei nafuu, kile ambacho mafundi hukiita elsidi, kuna tabaka la fuwele kiowevu lenye unene wa mikromita chache tu kati ya bamba mbili za kioo, na unywele wa mtu ni mnene zaidi ya hapo mara kumi au zaidi. Nje ya bamba hizo kuna vichujio viwili vya mwanga vilivyowekwa kwa kukingamana, hivi kwamba mwanga uliopita kichujio cha kwanza huzuiwa na cha pili. Kazi ya molekuli ni kuugeuza mwanga huo njiani ili upite, na umeme huzipindua molekuli ili kiasi cha mwanga kipungue au kiongezeke. Bamba ikipasuka, hewa huingia na kiowevu hukimbia mahali pake, hakuna tena cha kuugeuza mwanga, na vichujio hufanya kazi yao ya kuzuia. Weusi unaouona ni mwanga uliokosa njia. Hakuna wino uliomwagika, na kiowevu chenyewe hakina rangi nyeusi. Hata hivyo vipande vya kioo hukata na kemikali za ndani hazikutengenezwa kwa kuguswa, kwa hiyo wazazi wale hawakukosea kuwazuia watoto. Simu za aina nyingine, ambazo nukta zake hutoa mwanga zenyewe, hazina fuwele kiowevu hata kidogo, na doa lake lina asili tofauti.

Baada ya hayo twende kwenye matone, ambako ndiko kwenye uzito wa jambo.

Kila mpishi amewahi kuona matone yakikaribiana. Mafuta yanayoelea juu ya supu huanza yakiwa vidoa vingi vidogo, na ukiiacha supu itulie, vidoa husogeleana, hugusana, kisha kikubwa humeza kidogo. Sababu za kusogeleana na za kumezana ni mbili tofauti. Vinasogeleana kwa sababu kila kidoa hupinda kidogo uso wa supu unaokizunguka, na miinuko na mabonde hayo yakikutana huvutana. Wawili waliolala juu ya kitanda cha kamba kilicholegea wanajua jambo hilo vizuri: kila mmoja amelala upande wake, lakini usiku hauishi kabla hawajajikuta katikati. Nguvu ya namna hii tuiite mvuto wa uso. Vinamezana kwa sababu tone moja kubwa lina eneo dogo la nje kuliko matone mawili yenye ujazo ule ule, na eneo la nje lina gharama ya nishati, hivyo kiowevu hupendelea kulipunguza.

Angalia kwamba katika supu hakuna mstari unaojengeka. Matone hukusanyika ovyo, kwa sababu maji ya supu hayajui mashariki wala magharibi, na kila upande kwayo ni sawa. Fuwele kiowevu inajua. Hiyo ndiyo siri ya video zile, na yote yanayofuata yanatoka humo.

Rudi kwenye boriti zinazoelea sambamba, na sasa litumbukize pipa katikati yake. Boriti zilizo mbali zitabaki kama zilivyokuwa. Zilizo karibu zitalazimika kupinda mwelekeo wao ili kulizunguka. Katika fuwele kiowevu kupinda huko kuna gharama, kwa maana molekuli hupinga kuondolewa kwenye usambamba wao kama ufito wa mti unavyopinga kupindwa, na upinzani huo huitwa unyumbufu. Tone la maji lililoingia ndani ya fuwele kiowevu ni lile pipa.

Lakini tone linadai zaidi kuliko pipa. Uso wa tone unaweza kutayarishwa, kwa kutia chembe za dawa ya jamii ya sabuni, hivi kwamba molekuli zinazoligusa zisimame wima juu yake pande zote, kama miiba ya nungunungu. Hapo pana ugomvi. Karibu na tone, molekuli zinataka kutoka nje kwa pande zote. Mbali na tone, zinataka kulala kwenye mwelekeo mmoja. Madai haya mawili hayawezi kutimizwa yote bila pengo mahali fulani, na hili si suala la uzembe wa kiowevu, ni hesabu ya maumbo ambayo hata kompyuta kubwa haiwezi kuikwepa. Kwa hiyo karibu na uso wa tone, upande mmoja tu, hujitokeza nukta ndogo ambayo ndani yake molekuli hazina mwelekeo wowote. Wanasayansi huita nukta hiyo kasoro. Mimi naona neno hilo linaionea, kwa sababu bila hiyo utaratibu wote uliobaki usingewezekana. Nitaiita mwenzi wa tone.

Tone na mwenzi wake sasa ni kitu chenye mbele na nyuma, ingawa tone peke yake lilikuwa duara. Likitokea tone la pili, nalo lina mwenzi wake. Ikiwa matone hayo mawili yatakaa nyuma na mbele ya mwenzake, yote yakiangalia upande mmoja, upindaji ambao tone la kwanza limeulazimisha utaungana vizuri na ule wa tone la pili, na jumla ya gharama itapungua. Yakikaa ubavu kwa ubavu huku yakiangalia upande mmoja, upindaji wao utagongana na gharama itapanda. Matone hayalijui lolote katika haya. Ni kiowevu kilicho kati yao kinachoyasukuma kuelekea mahali ambapo kitapinda kidogo zaidi, na mahali hapo ni kwenye mstari mmoja, unaofuata mwelekeo wa boriti. Tone la tatu hufika likajiunga mwishoni, kisha la nne. Mnyororo huota.

Mnyororo huo una sifa nyingine ambayo kwa maoni yangu ni ya ajabu kuliko ule mstari wenyewe: matone hayamezani. Kila tone limetenganishwa na jirani yake na mwenzi aliyebanwa katikati, na kumfinya mwenzi huyo kunahitaji nguvu kubwa. Yanavutana kwa mbali na kusukumana kwa karibu, kwa hiyo hukaa kwenye umbali maalumu. Matone ambayo ndani ya supu yangekuwa yamekwisha kuungana hudumu humo kwa muda mrefu.

Maelezo haya yaliwekwa wazi mwaka 1997 na Philippe Poulin, Holger Stark, Tom Lubensky na David Weitz, waliotia matone ya maji ndani ya fuwele kiowevu na kuyatazama kwa hadubini. Walionyesha pia upande wa pili wa hoja. Walipobadilisha kilichopakwa kwenye uso wa tone, hivi kwamba molekuli zililala chali juu ya uso badala ya kusimama, tone lilipata kasoro mbili ndogo kwenye ncha zake mbili, na mkusanyiko wa matone ulibadilika ukaacha kuufuata mwelekeo wa molekuli moja kwa moja. Tone ni lile lile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni ngozi ya tone, na mpango wote ukabadilika nao.

Hapa lazima nirekebishe dhana inayopendwa sana, kwamba matone hayo yana chaji ya umeme au sumaku ndani yake. Ni kweli kwamba sheria ya kuvutana kwao, kichwa kwa mkia kuvutana na ubavu kwa ubavu kusukumana, inafanana na ya sumaku ndogo, na ufanano huo huwasaidia wanaopiga hesabu. Hata hivyo hakuna sumaku wala chaji inayohitajika. Nguvu inayosafiri kati ya tone na tone ni mpindo wa kiowevu. Nayo haipuuzwi: kwa tone lenye upana wa mikromita moja, nishati ya mpindo huo huzidi mara maelfu nishati ya mtikisiko wa joto ambao daima huyumbisha vitu vidogo. Ndiyo maana mtikisiko huo hauuvunji mnyororo.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba kiowevu hakina mwisho. Kikiwa utando, yaani tabaka jembamba kama lile linalotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa, mambo hupata sura mpya, kwa sababu utando una nyuso mbili na kila uso una dai lake kwa molekuli. Chukua fuwele kiowevu ijulikanayo kama 5CB, iliyotengenezwa Uingereza na George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambayo hubaki katika hali yake ya fuwele kiowevu kati ya nyuzi 24 na 35 hivi, joto ambalo chumba cha Lamu hukaa humo sehemu kubwa ya mwaka. Tandaza tabaka jembamba lake juu ya gliserini, kile kiowevu kizito kitumiwacho katika mafuta ya kujipaka. Chini, penye gliserini, molekuli hulala. Juu, penye hewa, husimama. Katikati lazima zipinde kutoka kulala hadi kusimama, kama mtu anayeinuka kitandani.

Ukiupasha moto utando huo, gliserini kidogo huyeyukia ndani yake, na ukiupoza, gliserini hiyo hujitenga ikawa matone madogo yanayolingana ukubwa na kupanda mpaka chini ya uso wa juu. Mwaka 2001 Vassili Nazarenko na wenzake wa Kyiv, Ukraine, waliripoti kwamba matone hayo hayafanyi mnyororo. Yanajipanga kama vyumba vya sega la nyuki, kila tone likiwa na majirani sita, kwa umbali ulio sawa. Sababu ni kwamba katika utando huu tone na mwenzi wake wamesimama, mmoja juu na mmoja chini, na matone yote yamesimama hivyo hivyo. Kwa hiyo yako ubavu kwa ubavu, na ubavu kwa ubavu husukumana. Vitu vinavyosukumana huku vikiwa vimefungiwa kwenye eneo moja huishia kwenye mpango wa majirani sita.

Swali lililobaki lilikuwa ni kipi kinachoyazuia yasitawanyike kabisa, na jibu la haraka la wengi lilikuwa kile kitanda cha kamba: uzito wa tone hubonyeza uso, na mabonde huvutana. Jibu hilo halifai kwa matone madogo kiasi hicho. Tone la mikromita chache ni jepesi mno, na bonde ambalo uzito wake ungelichimba halina maana yoyote. Mwaka 2004 Ivan Smalyukh, Oleg Lavrentovich na wenzao walieleza kwamba kinachoupinda uso ni unyumbufu wenyewe wa fuwele kiowevu, ambao hulivuta tone kutoka mahali ambapo lingekaa. Kiowevu kile kile kinachoyasukuma matone yaachane kwa mpindo wa ndani huyavuta yakaribiane kwa mpindo wa uso, na umbali kati ya tone na tone ni pale ambapo misukumo hiyo miwili inatoshana.

Upo utando mwembamba zaidi, usio na gliserini chini wala kioo, ulioshikwa kwenye fremu kama povu la sabuni ambalo watoto hulipuliza. Huu hutengenezwa kwa aina ya fuwele kiowevu iitwayo smektiki, jina lililotolewa na Georges Friedel mwaka 1922 kutokana na neno la Kiyunani linalohusu sabuni, kwa kuwa ule ute unaobaki chini ya kipande cha sabuni kilicholowa una mpangilio wa jamii hiyo. Katika smektiki molekuli zimepangwa kwa dari, ghorofa juu ya ghorofa. Wajenzi wa nyumba zetu za mawe walilazimika kuvifanya vyumba viwe vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiwi ndefu zaidi ya mita tatu hivi. Vivyo hivyo kimo cha ghorofa ya smektiki hutokana na urefu wa molekuli yake, karibu nanomita tatu. Utando unaweza kuwa na ghorofa mbili tu, na hauwezi kuwa na mbili na nusu.

Utando wa namna hii ukipashwa moto kwa uangalifu, sehemu zake hupoteza utaratibu na kuwa matone yaliyonaswa kati ya ghorofa. Kama molekuli za utando zimesimama wima kabisa, hakuna upande unaopendelewa, na matone huvutana kwa mibenuko ya uso tu, kama kwenye supu. Kama zimeinama, ule upande wa kuinamia ni mwelekeo, na mara moja wenzi hutokea na minyororo hujengeka. Watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waliyaona hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jozi hii ya majaribio naithamini kuliko zote, kwa kuwa hutenganisha kabisa kazi ya mwelekeo na kazi ya uso. Mwaka 2015 viputo vya smektiki vilipelekwa hata kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa, kwa sababu duniani uzito huviburuta vitu vilivyo juu ya kiputo vikarundikana chini.

Limebaki swali la uhai. Neno "kujipanga" linapotosha, kwa kuwa katika mazungumzo yetu anayejipanga ni mwenye nia. Matone hayana nia, wala hayavunji kanuni ya maumbile isemayo kwamba vitu vikiachwa huelekea kwenye vurugu. Yanaposogea, mpindo wa kiowevu hupungua, nishati iliyookolewa hutoka kama joto, na joto hilo huongeza vurugu nje kuliko utaratibu uliopatikana ndani. Mpango hauko ndani ya tone. Uko ndani ya kiowevu, na tone limeulazimisha uonekane.

Anayetaka kuthibitisha hilo auchukue mnyororo wa matone ndani ya 5CB na kuupasha moto polepole akiutazama kwa hadubini. Kwenye nyuzi 33 na 34 bado umenyooka. Joto likivuka nyuzi 35 hivi, ukungu wa kiowevu hutoweka kikawa angavu kama maji, wenzi wote hupotea kwa mara moja, na matone, ambayo hayajabadilika ukubwa wala umbo, huanza kutangatanga kila moja upande wake, na baadhi yake yakigusana humezana.